Shimo la Nyuma ya Nyumba

Ninyi mlio na kiwanja, na ninyi ambao bado mnakitafuta, nipeni masikio kidogo. Nataka niwasimulie habari ya jirani yetu mmoja. Jina lake la kuzaliwa tuliache. Mtaani tunamwita Pindo, kwa sababu ni fundi cherehani, na hata akiwa ng'ambo ya barabara anaweza kukwambia kwamba pindo la suruali yako limepanda upande mmoja. Habari hii amekubali mwenyewe isimuliwe. Alisema, "Simulia yote, usinipambe." Basi sitampamba.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Pindo aliketi kwenye kibaraza cha nyumba yake mpya, kikombe cha chai mkononi, akitazama mbele. Alipenda sana kutazama mbele. Kulikuwa na geti jeusi, njia ya mawe bapa, na kando ya njia maua mekundu yaliyopandwa kwa mstari ulionyooka kama mshono wa cherehani. Walikuwa wamehamia miezi minne iliyopita. Ndani mkewe alikuwa akisukuma kochi kulipeleka upande wa pili wa sebule, kwa mara ya tatu wiki ile, maana nyumba mpya humfanya mtu asiridhike na kochi.

Ghafla sauti ikapasuka nyuma ya nyumba.

"Mwanangu! Mwanangu wa hapo! Njoo unisaidie, mtoto ananiishia!"

Ilikuwa sauti ya jirani yao wa nyuma, mama mmoja mtu mzima anayeuza miche ya maua na mboga. Mtaa mzima humwita Shangazi, ingawa hana undugu na yeyote kati yetu. Anaishi na mjukuu wake wa miaka sita. Mke wa Pindo aliliacha kochi katikati ya sebule akatoka mbio miguu mitupu. Alimkuta mtoto amelegea mkekani, anaharisha na kutapika tangu alfajiri, midomo imemkauka. Wakambeba kumpeleka zahanati, wakipokezana njiani.

Pindo naye alizunguka nyuma. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko yeye, kwa hiyo akapanda juu ya ndoo akachungulia. Upande wa pili aliona miche imepangwa kwa safu, na katikati yake kisima cha Shangazi, na kamba yake, na mfuniko wake wa mbao. Kisha akatazama upande wake mwenyewe, chini ya miguu yake. Pale palikuwa na mfuniko mwingine, wa zege. Chai ilikuwa bado mdomoni. Ilimpalia akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Ili mjue kwa nini ilimpalia, inabidi turudi kwenye ujenzi.

Pindo alipoanza kujenga, bomba la maji lilikuwa halijafika kiwanjani. Zege haichanganywi kwa mate. Shangazi alipoona mafundi wanahangaika na madumu kutoka mbali, alifungua kigeti chake cha pembeni akasema, "Choteni. Kisima changu hakina kufuli." Wakachota kwa miezi minane. Msingi ulikunywa maji ya kisima kile, kuta zikanywa, na sakafu ikamwagiliwa asubuhi na jioni mpaka ikashika vizuri. Hakuna tofali katika nyumba ile ambalo halikuonja maji ya Shangazi. Wakati mwingine aliwaletea mafundi chai, na mjukuu wake akaja kukaa juu ya rundo la mchanga akihesabu matofali kwa sauti, akiruka kumi na tano kila mara.

Ramani ilichorwa na dada mmoja mchoraji, mtu wa maneno machache. Kabla ya kuchora alikizunguka kiwanja chote, akatazama ardhi inakoinamia, akauliza jirani gani ana kisima. Kisha shimo la choo akaliweka mbele, kwenye kona ya kulia karibu na barabara.

"Mbona umeliweka usoni?" Pindo aliuliza.

"Kwa sababu ya kisima cha jirani, mzee. Ardhi yako inateremka kuelekea kwake. Na likijaa, gari la kunyonya litalifikia bila kuvunja chochote."

Pindo akaitikia "sawa, sawa," kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa ya mji mwingine. Akaikunja ramani mara nne, akaitia kwenye droo ya cherehani, kati ya vidonge vya uzi na vifungo. Fundi wa kujenga kuta, ambaye tumwite Mwashi, aliachiwa nakala iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Hapa nawaomba msimcheke sana, maana wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Dukani kwake Pindo ana karatasi ukutani iliyoandikwa kwa herufi kubwa: NIKISHAKATA KITAMBAA, SIBADILISHI. Mteja akija kesho yake na kidole, "punguza hapa, ongeza pale," Pindo humwonyesha karatasi ile bila hata kuinua kichwa. Lakini kila adhuhuri alifunga duka akaenda kiwanjani, na akifika kule yeye ndiye aliyekuwa na kidole. Dirisha la sebule lilihamishwa. Mlango wa jikoni ulihamishwa, ukarudishwa ulikotoka. Ukuta wa chumba cha wageni ulibomolewa kwa sababu shemeji yake alipita akasema chumba kinambana pumzi. Mwashi, bwana mpole mwenye vumbi la saruji hata kwenye nyusi, alibomoa na kujenga, akajenga na kubomoa, bila kunung'unika.

Siku ya kuchimba shimo la choo ndiyo siku Mwashi alipokataa.

Pindo alimkuta ameshachora duara kwenye kona ya mbele, kama ramani ilivyosema, na wachimbaji wameshavua mashati.

"Simamisheni!" alisema. "Hapa ndipo mgeni wangu atakapokanyaga kwanza. Ndipo nimkaribishe na shimo la choo?"

"Linafunikwa, mzee," alisema Mwashi. "Juu yake utapanda hata majani. Hakuna atakayeliona."

"Mimi nitajua lipo."

"Sasa unataka likae wapi?"

"Nyuma. Fundi wewe, hebu tazama koti." Pindo akageuza ukosi wa koti lake. "Mshono unakaa ndani. Uchafu wote wa kazi unakaa ndani, nje panabaki pazuri. Nyumba nayo ni hivyo hivyo."

"Koti halina jirani, mzee," alisema Mwashi. "Nyuma pana kisima cha Shangazi. Tena ndicho tunachochota hiki, maji haya hapa kwenye pipa. Ukichimba pale yatateremka kwake."

"Kuna udongo katikati, kuna na ukuta. Maji yatapitaje ukuta?"

"Ukuta uko juu. Maji yanapita chini."

Pindo alihisi wachimbaji wanamtazama. Nadhani mnaijua hali hiyo, pale mtu anapojua moyoni kwamba ameshindwa lakini ulimi umeshatangulia. Akajipiga kifua. "Nyumba ya nani hii? Yangu au yako?"

Mwashi akafuta mikono kwenye suruali. Kisha akaenda kuleta ramani kwenye mfuko wake wa nailoni, akaikunjua juu ya tofali.

"Ni yako. Basi andika hapa kwamba wewe ndiye uliyelihamisha, utie sahihi. Mimi nina watoto, na jina langu ndilo linalonipa kazi."

Pindo akacheka kwa dharau, akaandika, akatia sahihi yenye mikia mirefu. Halafu akaenda nyuma mwenyewe, akatoa mfukoni chaki ya bluu ya kushonea, akaweka alama ya msalaba kwenye ukuta wa nyumba, kuonyesha pa kuchimba. Mkewe alipouliza jioni kama kazi inakwenda kama ramani inavyosema, alijibu, "Neno kwa neno."

Nyumba ikaisha. Bomba la maji nalo likafika, likaingia kwa Pindo na kuishia hapo, upande wa Shangazi bado. Kwa hiyo familia ya Pindo haikukihitaji kisima tena. Shangazi na mjukuu wake ndio waliobaki nacho. Yaliyofuata mmeshayasikia.

Mtoto alilazwa siku tano. Siku ya tatu afisa afya alikuja mtaani, akachukua maji ya kisima kwenye chupa, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Alipofika kwa Pindo alisimama getini, akayasifia maua.

"Choo chenu shimo lake liko wapi, mzee?"

Hapo, wenzangu, palikuwa na nafasi. Neno moja tu lingetosha. Pindo akanyoosha mkono kuelekea kona ya mbele, yenye majani mazuri yasiyo na kitu chini yake.

"Liko pale. Kama ramani." Halafu akaongeza, na hakuna aliyemuuliza, "Labda mwangalie wale wapangaji wa pale juu. Yule dada mfua nguo anamwaga maji kila mahali."

Afisa akaandika. Kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa na la kusema kuhusu dada mfua nguo. Mmoja alimfokea hadharani, mwingine akaja kuchukua shuka zake zikiwa bado mbichi. Yule dada alisimama katikati ya beseni zake akirudia, "Mimi namwaga mtaroni, jamani, njooni muone," na hakuna aliyekwenda kuona. Pindo alimsikia akiwa dukani. Akaongeza mwendo wa cherehani ili asimsikie.

Alikaa na jambo lile wiki nzima. Usidhani hakuumia. Alikula bila hamu, alizungumza na mkewe bila kumtazama. Nyuma ya nyumba hakukanyaga tena. Kila alipojiandaa kusema, haya ilimrudisha nyuma, na kadiri alivyochelewa ndivyo haya ilivyoongezeka, kwa sababu sasa alikuwa na mambo matatu ya kukiri badala ya moja.

Jumanne Shangazi aliingia dukani amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto alikuwa amevaa sare ya shule. Pindo ndiye aliyeishona, siku chache tu kabla ya ule ugonjwa, na aliishona bila malipo, akijiona mwema. Sketi ilikuwa imeshikiliwa kiunoni kwa pini kubwa.

"Inamwanguka," alisema Shangazi. "Jana imemdondoka mstarini, wenzake wakamcheka. Nisaidie, baba."

Pindo akapiga goti, akamzungushia mtoto futi ya kitambaa kiunoni. Vipimo vyake alivikumbuka bila kufungua daftari, ndiyo kazi yake. Akasoma. Akalegeza, akazungusha tena, akasoma. Inchi mbili na nusu zilikuwa zimeondoka kwa mtoto yule. Futi ile haijawahi kumdanganya kwa miaka thelathini. Mtoto naye alisimama wima kama alivyofundishwa, mikono pembeni, akanong'ona, "Nimekuwa mdogo?"

Pindo akaanza kuikunja futi. Futi ikamponyoka.

"Shangazi," alisema akiwa bado amepiga goti, "siyo yule dada wa nguo."

"Siyo yule dada nini?"

"Shimo langu. Shimo la choo liko nyuma, pale ukutani kwako. Ramani ililiweka mbele, mimi nikalihamisha. Mwashi alinikataza nikamfokea. Halafu nikamdanganya afisa."

Cherehani ya jirani yake wa kibanda cha pili ilikuwa imesimama. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walitazama sakafu. Shangazi hakupandisha sauti.

"Ulijua kisima kiko pale?"

"Mwashi aliniambia kwamba maji..."

"Sijakuuliza Mwashi alikwambia nini. Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulikuwa unachota humo."

"Nilikuwa nachota."

Shangazi akamvuta mjukuu wake karibu, akaishika ile pini kiunoni kama anayehakikisha iko imara. "Kwangu usiniombe chochote leo," alisema. "Nenda kwanza kwa yule dada umtoe kwenye midomo ya watu. Wewe ndiye uliyemtia humo." Akatoka na mtoto, sketi ikiwa na pini yake vilevile.

Pindo alienda. Alifunga duka mchana kweupe, akapanda hadi kwa wapangaji, akasimama mbele ya beseni za yule dada na mbele ya kila aliyekuwepo, akasema yote. Yule dada alimsikiliza huku akikamua shati. Alipomaliza alimwambia, "Nimepoteza wateja sita kwa ajili ya maua yako," akaendelea kukamua. Pindo hakuwa na pa kuuweka uso wake.

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Mkewe alikuwa ameshasikia. Alikuwa ameketi kwenye lile kochi, na magotini pake imekunjuliwa nakala ya ramani. Mwashi alikuwa ameileta mwenyewe, mapema, alipopata habari kwamba mtoto anaumwa na wapangaji wanalaumiwa. Alitaka tu kujua kama shimo lilikuwa limesharudishwa mbele.

"Neno kwa neno," alisema mkewe, akiweka kidole kwenye sahihi yenye mikia mirefu. "Mimi nimembeba yule mtoto mikononi. Nimetapikiwa. Nikawa najiuliza njia nzima ni nani amemfanyia hivi." Hakuongea naye tena siku ile, wala kesho yake.

Afisa afya alirudi, safari hii bila kuyasifia maua. Walipima kutoka shimo hadi kisima kwa futi ya chuma: mita tisa na nusu. Afisa alisema ilipaswa kuwa mbali mara nne ya hapo, na kwa mteremko ule hata zaidi. Kisima kikafungwa kwa mbao na misumari mpaka maji yatakapopimwa tena na kuonekana salama. Shimo la nyuma likanyonywa, likamwagiwa chokaa, likafukiwa. Pindo alimfuata Mwashi nyumbani kwake kumwomba arudi. Mwashi alikubali kwa sharti moja, kwamba ramani itabandikwa ukutani pale kazini, na atakayetaka kubadili kitu atamwita kwanza dada mchoraji.

Wakachimba mbele, kwenye kona ya kulia. Njia ya mawe ikang'olewa, maua mekundu yakaenda na udongo. Leo ukiingia kwa Pindo, kitu cha kwanza kukutana nacho ni mfuniko wa zege na bomba la hewa lililosimama karibu na geti. Siku moja mkewe aliweka chungu cha maua juu yake ili kuupendezesha. Pindo akakiondoa.

Na maji je? Pindo alitaka kumvutia Shangazi mpira kutoka kwenye bomba lake, upite juu ya ukuta, afungulie tu. Shangazi akakataa. "Mpira utafungua asubuhi uende zako," alisema. "Mimi nilikuwa nawaona mnakuja. Nataka na mimi nikuone unakuja." Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Pindo hutoka getini na ndoo mbili, hupita mbele ya majirani wote, huzunguka hadi kwenye kile kigeti cha pembeni. Safari nne kwa ajili ya nyumba na miche. Wengine humsalimia, wengine hukohoa tu. Akimaliza kumimina, Shangazi humwambia "ahsante." Pindo anasema neno hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, kwa sababu katika miezi minane ya kuchota kwake, hakumbuki kama yeye aliwahi kulisema.

Ile sketi aliipunguza mwishowe, lakini kitambaa hakukikata. Alikikunjia ndani, akakishikiza kwa mshono mwepesi. Muhula uliofuata mtoto aliletwa tena, Pindo akapiga goti, akazungusha futi, akasoma. Akachukua mkasi mdogo akafumua mshono wote, inchi mbili na nusu. Kisha akabaki pale chini, ameinamisha kichwa, mpaka mtoto akamuuliza kama amedondosha sindano.

Funzo

Ndugu zangu, anayejenga nyumba hajengi peke yake, hata kama hati ina jina lake moja. Ramani uliyochorewa isikae kwenye droo. Ibandike mahali pa kazi, uisome, na usichokielewa ukiulize kabla jembe halijagusa ardhi. Ukitaka kubadili jambo, rudi kwa aliyechora. Usibadili kwa kidole, tena mbele ya vibarua unaotaka wakuone bosi. Fundi akikukataza usitie pamba masikioni. Na akikuomba uandike sahihi, jiulize anaogopa nini, kwa sababu huenda unachokifanya ndicho cha kuogopa. Zunguka kiwanja chako na utazame majirani: kisima kiko wapi, maji yanateremkia kwa nani. Waambie walio ndani ya nyumba yako ukweli wa ujenzi wenu. Na ukikosea, sema siku ileile, kabla kosa lako halijapewa mtu mwingine alibebe.

Ukitaka kuyaona niliyoyasema, pita kwa Pindo mchana wowote. Atakupeleka nyuma ya nyumba. Kwenye ukuta wa nyumba bado kuna msalaba wa chaki ya bluu. Mvua haiufikii kwa sababu ya paa. Mkewe alitaka kuupaka rangi, na Pindo amemwomba auache.